Mahame ya Mkwaja: Shamba la Ng'ombe Lililohamwa



Mkulima wa milima ya Umatengo, awe wa Mapera, awe wa Litembo, awe wa Maguu, hahitaji kufundishwa na mtu jambo hili: mahali palipokuwa na zizi la ng'ombe, hata likiisha kuvunjwa na miti yake kupelekwa jikoni, ardhi yake haisahau upesi. Mahindi ya hapo husimama marefu kuliko ya pembeni, na majani yake huwa ya kijani kilichokolea. Mgeni akiuliza sababu, hujibiwa kwa maneno matatu tu: "Hapa palilala ng'ombe."

Maneno hayo matatu twataka yawe taa yetu leo, kwa kuwa safari yetu ni ndefu. Twaondoka katika milima hii, twaiacha Songea nyuma yetu, twaenda hata pwani ya Bahari ya Hindi, kutazama mahali walipolala ng'ombe maelfu kwa maelfu kwa muda wa karibu miaka hamsini, kisha wakaondolewa, na wachungaji wao pamoja nao. Mahali hapo huitwa Mkwaja.

Katika Kiswahili, makao yaliyoachwa na wenyewe huitwa mahame. Wazee wa Umatengo wayajua mahame. Katika karne ya 19, vita vya Wangoni vilipozidi, watu waliyaacha makao yao wakapanda milimani kwenye miteremko mikali, ambako adui hakufika kwa urahisi. Lakini mahame ya Mkwaja si mahame ya vita. Hakuna jeshi lililowafukuza watu wale. Kilichowaondoa ni inzi mdogo, na mti wa miiba, na hesabu ya fedha isiyotaka kulingana. Tutaviangalia vyote vitatu kwa zamu.

Kwanza tupajue mahali penyewe. Kijiji cha Mkwaja kiko pwani, kusini ya Pangani na kaskazini ya Saadani. Nyuma ya kijiji, kuelekea bara, ni nchi ya mawimbi madogo madogo ya ardhi, nyasi ndefu, vichaka, na mabonde ambayo hujaa maji wakati wa masika na kupasuka kwa ukame wakati wa kiangazi. Katika nchi hiyo, mapema katika miaka ya 1950, kampuni ya Amboni ilifungua shamba la ng'ombe. Eneo lake lilikuwa kilomita 462 za mraba. Kama shamba hilo lingekuwa mraba kamili, kila upande wake ungezidi kilomita 21, na mtu anayetaka kulizunguka kwa miguu angelala njiani usiku mmoja au miwili kabla ya kurudi alikoanzia.

Basi mtu atauliza: Amboni ni kampuni ya mkonge, yahusikaje na ng'ombe? Swali hilo ni la haki, na jibu lake lawagusa watu wa pande zetu hizi zaidi ya wanavyodhani.

Mkonge si mmea wa asili ya nchi yetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche yake kutoka Florida, katika Marekani. Ilitumwa miche 1,000, lakini iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, si mbali na Mkwaja. Kutokana na miche hiyo michache yalizaliwa mashamba makubwa ya Tanga, na Tanganyika ikawa nchi yenye kusifika duniani kote kwa katani. Lakini mkonge haujikati wenyewe. Wahitaji mikono, na mikono ya wenyeji wa Tanga haikutosha, wala wenyeji wengi hawakuitaka kazi ile. Ndipo wenye mashamba wakatuma watu kwenda kutafuta wafanyakazi nchi za mbali. Mwaka 1944 chama cha wenye mashamba ya mkonge kilianzisha ofisi maalum ya kazi hiyo, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Waliochukuliwa waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba yake, na namba hiyo ikaenda mbele ya jina alilopewa na mama yake.

Nchi ya Songea ilikuwa moja ya nchi zilizotoa watu hao, na wakati huo milima ya Umatengo na mwambao wa Ziwa Nyasa vilikuwa chini ya Boma la Songea. Umatengo ulikuwa na kahawa yake, iliyowawezesha wengi kulipa kodi bila kuondoka nyumbani; lakini kwa vijana wengi wa wilaya ile njia ya kupata fedha ilikuwa njia ya kwenda Tanga. Watu hawa walihitaji kula. Mtu akataye mkonge tangu alfajiri hawezi kuishi kwa unga peke yake. Kwa sababu hiyo kampuni ilitaka nyama iliyo karibu na isiyo ghali, na kwa sababu hiyo Mkwaja ikafunguliwa. Mwanzo wa historia yake ni kitoweo cha manamba.

Sasa tumtazame yule inzi. Nchi kubwa kiasi hicho, yenye nyasi na maji, iliyo karibu na bahari na soko, ilikuwaje haina ng'ombe tangu zamani? Sababu ni mbung'o, ambaye bara wengine humwita ndorobo. Mbung'o hunywa damu, na katika kunywa huhamisha vijidudu vya ugonjwa kutoka mnyama mmoja hata mwingine. Ugonjwa huo kwa ng'ombe huitwa nagana. Katika miaka ya 1890 daktari wa jeshi David Bruce, akifanya kazi Zululand katika Afrika ya Kusini, alionyesha ya kuwa vijidudu hivyo huletwa na mbung'o. Wanyama wa porini, kama vile nyati na ngiri, huweza kuwa navyo damuni wasiugue sana. Lakini ng'ombe akivipata huishiwa damu, hukonda, manyoya humsimama, huharibu mimba, na mwisho hufa. Wenyeji wa pwani hawakuwa na darubini ya kuvionea vijidudu, lakini akili yao iliwaambia mapema yale ambayo darubini ilikuja kuyathibitisha: hapa si pa ng'ombe.

Kampuni iliamua kushindana na jambo hilo kwa dawa. Ililetwa mifugo ya Boran, ng'ombe wenye nundu ambao asili yao ni kwa Waborana wa Ethiopia na kaskazini ya Kenya. Ni wanyama wakubwa, wenye nyama nyingi na wavumilivu wa kiangazi. Ng'ombe hao walipigwa sindano za kinga mara kadhaa kila mwaka. Dawa iliyotumiwa zaidi ni ile iitwayo isometamidiamu, ambayo nguvu yake hudumu mwilini mwa mnyama miezi miwili au mitatu, kisha sharti apigwe tena. Fikirini, wasikilizaji, maana ya kazi hiyo: maelfu ya ng'ombe kukusanywa, kupitishwa katika uchochoro wa miti mmoja baada ya mmoja, kushikwa na kuchomwa sindano, na miezi ikipita kuanza tena upya, mwaka hata mwaka.

Na hiyo ilikuwa kazi ya siku maalum tu. Kazi ya kila siku ilikuwa ya mchungaji. Ng'ombe waligawanywa makundi, wakatoka asubuhi kwenda malishoni na wachungaji wao, na jioni wakarudishwa katika maboma yao kulala. Boma lilikuwa zizi kubwa, mahali pa kuwalinda na simba na chui, na mahali pa kuwahesabu. Mchungaji husimama mlangoni jua likishuka, hesabu iko kichwani mwake, na ng'ombe mmoja akikosekana hana budi kurudi porini kumtafuta kabla ya giza. Kufanya hivyo leo ni jambo dogo. Kufanya hivyo kila jioni kwa miaka mingi, mvua na jua, ni jambo jingine.

Je, walifanikiwa? Yafaa kusema kweli: kwa sehemu kubwa walifanikiwa. Mwaka 1985, wataalamu wa kituo cha mifugo cha kimataifa kilichokuwa Addis Ababa walitoa kitabu cha uchunguzi wao, baada ya kupitia kumbukumbu za Mkwaja za miaka 10, tangu mwaka 1973 hata 1982. Katika kumbukumbu hizo walikuta habari za kuzaliwa kwa ndama wapatao 20,000. Walipolinganisha ng'ombe wa Mkwaja na ng'ombe wa namna ileile waliofugwa Kenya katika nchi isiyo na mbung'o, waliona ya kuwa wale wa Mkwaja walitoa mazao kiasi cha sehemu nane katika kumi. Kwa nchi iliyohesabiwa kuwa haiwezi kufuga ng'ombe hata mmoja, hilo si jambo la kudharau. Tena, mwisho wa miaka ya 1980, ilianza kutumiwa dawa nyingine, deltamethrini, iliyotiwa katika josho. Ng'ombe aliyeogeshwa humo akawa mtego wa kutembea: mbung'o akimtua ili anywe damu, hufa yeye. Mbung'o wakapungua sana, na vifo vya ng'ombe vikapungua pia.

Basi kama inzi aliweza kuzuiwa, mbona shamba limekuwa mahame? Hapa ndipo aingiapo adui wa pili, yaani mti wa miiba. Pande zile una mgunga mmoja ambao wataalamu huuita Akasia ya Zanzibari. Miiba yake hufura chini ikawa kama vikoba, na sisimizi hukaa ndani yake. Katika nchi isiyo na ng'ombe, nyasi hurefuka, kiangazi hukauka, moto hupita kwa nguvu na kuiua miche ya miti ikingali midogo. Lakini ng'ombe wengi wakila nyasi, moto hukosa chakula. Moto ukikosa chakula, miche hukua. Miche ikikua vichaka, nyasi hupungua, na mbung'o, ambaye hupenda kivuli, hupata nyumba. Kwa hiyo ng'ombe walikuwa wakijijengea adui wao kwa midomo yao wenyewe. Vichaka hukatwa, navyo huchipua. Hukatwa tena, navyo huchipua tena. Gharama ya kukata haikuwa na mwisho.

Adui wa tatu ni hesabu. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za katani. Kisha zikaja kamba zilizotengenezwa viwandani kwa nyuzi zisizotoka shambani, bei ya katani ikaanguka, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mashamba mengi yakabadilika mikono. Ilipofika miaka ya 1990, mazao hayakufika hata robo ya yale ya mwaka 1964. Manamba walikuwa wamekwisha kurudi makwao, au wamezeeka hukohuko Tanga, au wamezikwa. Shamba lililoanzishwa ili kuwalisha sasa lilikuwa linauza nyama sokoni kama muuzaji mwingine yeyote, ilhali muuzaji mwingine hakuwa na mzigo wa sindano, majosho na vichaka. Mwaka 2000 shamba la Mkwaja likafungwa. Ng'ombe wakaondolewa. Wachungaji wakafunga mizigo yao.

Mwaka 2005 nchi ile iliunganishwa na pori la akiba la Saadani na msitu wa Zaraninge, zikawa Hifadhi ya Taifa ya Saadani, hifadhi inayogusa Bahari ya Hindi. Wenyeji wa vijiji vya jirani wameiona nchi moja ikibadilika jina mara mbili katika maisha ya mtu mmoja: ilikuwa shamba la kampuni, sasa ni hifadhi ya taifa, na mara zote mbili wao wako upande wa nje.

Jambo kama hilo limetokea hata ng'ambo. Katika jimbo la Utah, huko Marekani, liko bonde la majabali liitwalo Canyonlands, ambako wachunga ng'ombe walikuwa wakipiga kambi chini ya mwamba penye chemchemi, tangu mwisho wa karne ya 19. Nchi hiyo ilifanywa hifadhi mwaka 1964, na mwaka 1975 ng'ombe wakaondolewa. Kambi yao ingaliko, na meza na vyombo vyao vimeachwa pale ili wageni wavitazame. Huko watu wamekihifadhi kile ambacho mchungaji alikitumia kwa mkono wake.

Mkwaja haina meza ya kutazamwa. Lakini ina kitu kingine, nacho ni kile tulichoanza nacho leo. Baada ya shamba kufungwa, wataalamu kutoka Zürich katika Uswisi walikwenda kuichunguza nchi ile, wakaona ya kuwa mahali palipokuwa na maboma ya ng'ombe pangali panajulikana. Udongo wake una rutuba zaidi. Nyasi zake ni fupi, laini na zenye nguvu, ilhali pande zote zimezungukwa na nyasi ndefu ngumu. Na wanyama wa porini wamepagundua: ngiri na wengine huja kulisha pale, wakiacha malisho makubwa yaliyo tele ubavuni. Walikofungwa ng'ombe usiku wasiliwe na wanyama wa mwitu, sasa wanyama wa mwitu hula mahali hapo.

Wala mtu asidhani kuwa jambo hili ni la miaka michache. Katika nchi ya Narok, kusini magharibi ya Kenya, wako wafugaji wa kale ambao hawakutuachia maandishi. Mwaka 2018 wataalamu walitoa habari za maboma yao, waliyoyachunguza kwa kupima udongo wake. Maboma hayo yaliachwa kati ya miaka 1,500 na 3,700 iliyopita. Nyumba zimekwisha, majina yamekwisha, lugha yenyewe huenda imekwisha; lakini mahali walipolala ng'ombe wao pangali kijani kuliko pembeni, na swala na punda milia wangali wakija kulisha.

Sasa, wasikilizaji, tusiishie kustaajabu tu. Rutuba ile haikushuka kutoka mbinguni. Ng'ombe alikula mchana katika malisho makubwa, akaibeba tumboni nguvu ya nchi nzima, akaja kuiacha usiku mahali padogo. Boma limenenepa kwa sababu malisho yamekonda. Hakuna aliyeongeza kitu, ilihamishwa tu. Na aliyeihamisha, pasipo kujua, ni yule mchungaji aliyewarudisha ng'ombe kila jioni. Kampuni ilikusudia kuacha faida, nayo haikubaki. Ilikusudia kuacha nchi isiyo na vichaka, navyo vimerudi. Kilichobaki ni kile ambacho hakuna aliyekiandika katika daftari la mali.

Watu wa Umatengo walilijua neno hili zamani, wakalitendea kazi kwa njia yao. Katika ngoro, mwanamume hukata majani na kuyalaza kwa mistari ya miraba juu ya mteremko. Mwanamke huchimba udongo wa katikati na kuyafunika, akapanda maharagwe. Majani huoza palepale yalipoota, mvua huingia katika mashimo isikimbie na udongo, na msimu wa pili hupandwa mahindi. Boma la ng'ombe lilinenepesha mahali pamoja kwa kukopa kwingine. Ngoro huirudishia nchi kilicho chake. Ndiyo maana miteremko mikali hivi imelimwa kwa vizazi vingi na haijawa majabali matupu.

Lakini leo kila gunia la kahawa linaloshuka kutoka Mapera kwenda sokoni, na kila gunia la mahindi, hubeba ndani yake sehemu ya mlima, nalo halirudi jioni kulala zizini. Mtu anayeacha kutengeneza ngoro kwa kuwa kazi yake ni nzito, au anayechoma majani badala ya kuyazika, na ajiulize ni nani atakayeurudishia mlima kilichochukuliwa. Swali hilo si la wataalamu wa Zürich. Ni la mwenye shamba, na jibu lake litaonekana na wajukuu wake katika urefu wa mahindi.

Na kama katika ukoo wako alikuwako mzee aliyekwenda Tanga kukata mkonge, akarudi na blanketi na sanduku la bati, au asirudi kabisa, basi huenda nyama aliyokula huko ilitoka Mkwaja. Mkumbuke kwa jina lake, si kwa namba yake. Mkumbuke pia mchungaji aliyesimama mlangoni jioni akihesabu. Alama yao hao wawili haimo katika jiwe lolote. Lakini ngiri wa Saadani aijua, na huipiga magoti kila asubuhi anapokula nyasi.